Hatua Nne Ndani ya Kona

Ijumaa, 28 Septemba
Daftari hili ni la waya wa uzio. Kila mwaka nanunua moja, naandika humo nimekaza waya wapi, nguzo zipi zimeoza, ng'ombe gani katoroka. Mke wangu Noreen husema hajawahi kuzaliwa mtu wa kusoma daftari la waya kwa raha. Mwaka huu nitaandika na mengine, kwa sababu kuna jambo nimelikalia tangu Mei, na kulikalia huku kunazidi kuniuma.

Jumatatu msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa mlimani, unafunguliwa. Bwana Haddow, mwenye ranchi ninayoisimamia, katua leo na ndege yake. Hata koti hajavua, kaniuliza, "Kona zangu zikoje, Dell?" Hajauliza ng'ombe.

Jumatatu, 1 Oktoba
Msimu umefunguliwa. Jua kali, vumbi. Pikapu sita barabara ya kaunti, nimeandika namba zote kama nilivyoagizwa. Elki bado wako juu ya Mlima Bonnet, hawana haraka.

Jumatano, 3 Oktoba
Waya nusu maili upande wa kijito. Upepo.

Jumamosi, 6 Oktoba
Nimemkuta Leon Elissalde mgahawani kwa Dot, anakunywa kahawa huku kaulaza mguu kwenye kiti cha pili kama mzigo wa mtu mwingine. Leon kanitangulia miaka mitatu shuleni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwinda. Elki wangu wa kwanza tulimbeba pamoja kutoka Bonnet, yeye mapaja, mimi kichwa, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitaka pembe zionekane.

"Goti vipi?" nikamuuliza.

"Daktari kanihesabia. Kasema lina misimu mitatu ya mlima, likijitahidi. Baada ya hapo niwinde sungura kibarazani."

"Utapita wapi mwaka huu?"

"Pale pale. Kona ya kumi na nne. Baba yangu kapita hapo, na mimi napita hapo."

Fundi wa matrekta akadakia kutoka meza ya pili, "Angalia Dell asikukamate, mwalimu!" Wanamwita mwalimu kwa sababu kila masika Leon anafundisha watoto wa kaunti usalama wa bunduki na mipaka ya ardhi, kwenye ukumbi wa kanisa. Miaka kumi na tisa sasa. Hakuna mwindaji chini ya miaka thelathini huku ambaye hakupita mkononi mwake.

Leon akacheka. "Dell? Dell hawezi kukamata hata mafua."

Na mimi nikacheka. Kahawa ikanipalia.

Jumapili, 7 Oktoba
Leo nimekaa kanisani sikusikia neno. Acha niiandike ile ya Mei, nione inakaaje kwenye karatasi.

Nchi yetu hii serikali ya zamani iliigawa maili kwa maili. Mraba mmoja ikaipa kampuni ya reli, unaofuata ikabakiza, mmoja ikatoa, mmoja ikabakiza, mpaka ikawa ubao wa drafti. Ile ya reli ikauzwa na kuuzwa tena, sasa ni ya Haddow. Iliyobaki ni ya watu wote, ya Leon, ya Dot, yangu. Ila ukitaka kutoka mraba wa watu wote kwenda mwingine wa watu wote, hakuna njia isipokuwa pale miraba inapogusana kona kwa kona. Kete ya drafti nayo haiendi ila kwa kona, na hakuna aliyewahi kuishitaki. Kwenye kona kuna alama ya mpaka, kisahani cha shaba juu ya bomba la chuma, upana wa kiganja. Unaweka buti upande huu, unainua mguu, unautua upande ule. Udongo wa Haddow hujaugusa. Haddow anasema hewa ya juu yake ni yake pia, na bega lako limepita humo. Sheria yenyewe haijasema wazi. Kila mtu anasema yake.

Marehemu Gratien, baba yake Leon, alikuwa mchunga kondoo. Yeye alikuwa akifika konani anavua kofia, anaishika kifuani, ndipo anavuka. Alisema, "Tunapita kwenye hewa ya mwenzetu. Angalau tumvulie kofia." Leon anafanya hivyo mpaka leo. Mimi pia nilikuwa nafanya, kabla sijaajiriwa.

Sasa ile ya Mei. Haddow aliagiza matangazo ya kukataza watu kila kona. Mvua ilikuwa inanyesha, ndege yake inatua saa tisa, nami nilitaka anikute nimemaliza. Mnyororo nyuma ya trekta ukanasa lile bomba la kona ya kumi na nne. Sikujua. Nilisikia kitu kinagonga nyuma, clang, clang, nikadhani ni sururu. Niliposhuka, kisahani kilikuwa kinaburutwa kwenye matope, na matairi yameshageuka mara tatu juu ya mahali pake. Shimo silioni. Kwenye ile shaba kumeandikwa kwa mzunguko kwamba kukisogeza ni kosa la serikali. Nikapanga jicho langu na nguzo ya mbali, nikakipigilia chini kwa nyundo, nikasawazisha udongo, nikapachika tangazo.

Nikajiambia kiko sawa. Labda kiko sawa.

Jumatano, 10 Oktoba
Baridi. Ng'ombe wawili kwa jirani, nimewarudisha. Elki bado wako juu.

Jumamosi, 13 Oktoba
Usiku theluji ilianguka nyembamba, kama unga uliopulizwa mezani. Haddow akasema twende wote kuangalia kona. Tukaegesha juu ya kilima, yeye na darubini yake, mimi na yangu. Saa mbili asubuhi mtu akatokea upande wa barabara, peke yake, anachechemea.

"Nani yule?"

"Sijui, bosi."

Nilimjua kwa hatua ya kwanza. Mtu akienda na goti lile miaka kumi, unalijua goti kabla ya uso.

Akafika kwenye kisahani. Akavua kofia, akaishika kifuani, akainua mguu mbovu kwa mkono kama anainua ndoo, akavuka. Akavaa kofia, akaenda zake mlimani.

"Piga simu kwa sherifu," Haddow akasema.

"Hajagusa kwako, bosi. Kapita juu ya alama."

"Nimekuomba maoni?"

Nikapiga. Naandika hivi ili nisije baadaye nikaandika vingine: kidole kilikuwa changu.

Naibu sherifu Rita Archuleta kafika saa sita, kachukia. "Hewa tena, Dell? Mwaka jana mliniletea hewa, hakimu akacheka mpaka akakohoa."

"Piga picha za nyayo," Haddow akamwambia. "Zote."

Akapiga. Kwenye theluji nyayo za Leon zilikuwa wazi kama muhuri, zimefika kwenye kisahani, zimeondoka kwenye kisahani.

Saa nane Leon akarudi na paja zima la elki mgongoni, kainama, jasho linamvukia. Alichoona kwanza ni mimi, na uso wake ukachanua.

"Eh, Dell! Mungu kaniletea punda! Njoo shika upande huu, goti linanitukana tangu kule juu."

Ndipo akawaona wengine. Hata hivyo, na mzigo wote ule, akavua kofia, akavuka, akaivaa.

"Habari ya mchana, Rita."

"Leon, nakuomba ushushe mzigo."

"Nimevunja nini?"

"Bwana huyu anasema umeingia kwenye hewa yake."

Leon akatazama juu, huku na huku. "Ipi? Hii? Mwambie nimeitumia kidogo tu. Iliyobaki naweza kumrudishia."

Hata Rita kacheka. Haddow hakucheka. Rita akaandika karatasi ya mashtaka, akachukua nyama iwe ushahidi. Alikuwa anaona aibu, kainyanyua mwenyewe kuiweka kwenye gari, hakutaka Leon aibebe mara ya pili.

"Nani kapiga simu?" Leon akauliza.

Haddow kaniwekea mkono begani. "Msimamizi wangu yuko macho."

Leon akaniangalia. Hakukasirika, ningependa angekasirika.

"Ah," alisema. Basi.

Jumapili, 14 Oktoba
Sikwenda kanisani.

Jumatano, 17 Oktoba
Upepo wa kuangusha farasi. Kwa Dot wanasema kesi haiendi popote. Watu wa kaunti hii wakiketi kuamua, nani atamfunga mtu kwa hewa? Nimefurahi. Nimejiambia, unaona, hakuna lililoharibika.

Ijumaa, 19 Oktoba
Haddow kaleta mpima ardhi kutoka mbali, mzee mmoja mpole ana mashine ya miguu mitatu. Kapima tangu saa mbili mpaka saa saba, anatembea, anarudi, anaandika. Mimi nimemshikia fimbo. Mwisho kasimama juu ya kisahani, kakitazama kama mtu anayetazama jino.

"Hiki hakipo mahali pake. Kimeingia kwako hatua nne."

Haddow akasogea. "Kwa hiyo zile nyayo?"

"Kama zilifika hapa, mwenye nyayo kakanyaga kwako. Hatua nne kuja, hatua nne kwenda."

"Si hewa."

"Udongo."

Sijawahi kumwona Haddow anatabasamu hivyo, hata siku fahali wake aliposhinda maonyesho.

Mzee akasema vitu hivi huhama. Baridi huvisukuma, ng'ombe hujikuna. Akaniangalia. "Mnalima huku?"

"Hatulimi," nikasema.

Na kweli hatulimi. Ndivyo nilivyomjibu, jibu la kweli kwa swali ambalo silo. Kisha nikamkorogea zege, akakipanda kisahani mahali pake pa haki, nami nikashindilia kwa buti. Pale pa zamani nimepasawazisha. Sasa hapaonekani kitu.

Jumamosi, 20 Oktoba
Daftari hili lilikuwa na ukurasa wa tarehe 21 Mei. Niliandika siku ile ile, kwa mazoea, maana naandika kila kitu: "Mvua. Mnyororo umenasa kisahani kona 14. Nimerudisha kwa macho. Tangazo limesimama."

Asubuhi hii wakati Noreen anakanda mkate nimeuchana, nikautia kwenye jiko la kuni. Kauliza nachoma nini. Nikasema risiti.

Jumanne, 23 Oktoba
Nguzo tano. Elki wameanza kushuka kidogo, nimewaona kama thelathini ukingoni mwa misonobari.

Jumamosi, 27 Oktoba
Kwa Dot habari zimefika. Fundi wa matrekta anasema, "Mwalimu kapotea darasani!" Watu wamecheka, lakini kile kicheko cha kuangalia chini. Mama mmoja kasema anajiuliza kama watoto wake walifundishwa sawa. Leon hakuwepo. Dot kanimiminia kahawa bila kuniuliza habari, na huwa ananiuliza habari.

Ijumaa, 2 Novemba
Nimemwambia Noreen. Mchana, anamenya viazi. Nimesema yote, na ukurasa, na risiti. Kaendelea kumenya mpaka kile kiazi kikawa kama gololi.

Nikamwambia, "Nikisema, Haddow atanifukuza. Na nyumba ni ya ranchi. Utaondoka hapa, na bustani yako, na kila kitu. Ndiyo maana nimenyamaza."

Akaweka kisu. "Dell. Nyumba hii si yetu. Nimelijua hilo miaka ishirini na miwili, kila nilipopanda ua nimelijua. Usinifanye mimi sababu."

"Sikufanyi sababu."

"Umenifanya sasa hivi. Tafuta nyingine."

Nimetafuta. Nimekaa zizini mpaka jua likashuka, natafuta. Zote nilizozipata zinaanza na mimi na kuishia na mimi.

Jumapili, 4 Novemba
Theluji mpaka kifundo.

Jumatano, 7 Novemba
Nilikwenda kwa Leon nimejipanga kabisa. Njiani nilikuwa nasema kwa sauti ndani ya pikapu, Leon, ni mimi, Leon, ni mimi, kama mtoto anayekariri.

Nimemkuta anatengeneza kiti cha gari la kuzolea theluji, maana yeye ni wa idara ya barabara. Kaniona, kavuta debe la pili la kukalia. Hakusema lolote kuhusu ile simu. Kanimiminia supu ya kondoo ya kwao, yenye pilipili nyekundu, tukanywa.

"Tarehe kumi na nne wameniita mahakamani," akasema.

"Utakana, sivyo? Kesi ikisikilizwa itakuwa masika. Mpaka masika mengi yatatokea."

Hapo nilijisikia nafuu, yaani nilishaanza kuhesabu miezi.

Akageuza kijiko. "Yule mpima. Ulimshikia fimbo?"

"Ndiyo."

"Ni mtu mwaminifu?"

"Ni mwaminifu."

"Na mashine yake? Haidanganyi?"

Hapa ndipo. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kabisa, ilibaki niingie tu.

"Haidanganyi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi."

Nikanywa supu nikamaliza. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 12 Novemba
Waya haukazwi, barafu. Elki kama mia wako chini, mraba ule ule wa kona ya kumi na nne. Wanalala kwenye ardhi ya watu wote, asubuhi wanavuka konani kwenda kunywa kwa Haddow. Nyayo zao zimejaa pale juu ya zege. Hakuna aliyewapigia simu.

Jumatano, 14 Novemba
Mahakama. Nimekaa safu ya tatu, nyuma ya Haddow, kwa sababu ndiye aliyenileta na gari lake.

Leon kavaa lile koti la mazishi ya baba yake. Kofia kaishika kifuani. Sijui kama wengine waliiona ile kofia jinsi mimi nilivyoiona.

Hakimu kamsomea: kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa kwa ajili ya kuwinda. "Unakubali au unakana?"

"Nakubali, mheshimiwa."

Hata wakili aliyepewa kashtuka, kamvuta mkono. Leon kasema, "Ngoja, bwana," kisha kamgeukia hakimu. "Miaka kumi na tisa nawafundisha watoto wa kaunti hii kwamba mpaka ni mpaka hata kama hukuuona, na mtu akikosea anasema nimekosea. Hapigi chenga. Mimi nilifuata kisahani. Lakini mashine inasema nilikanyaga, na nimeuliza mtu ninayemwamini kama mashine inadanganya. Basi nilikanyaga."

Mtu anayemwamini. Nilikuwa safu ya tatu.

Hakimu kasema vizuri, kwa upole hata. Kibali cha kuwinda kimesimamishwa misimu mitatu. Na kwa kanuni, mwenye kosa la uwindaji hafundishi.

"Misimu mitatu," Leon kasema. "Goti langu nalo lina mitatu. Umepima vizuri, mheshimiwa."

Watu wamecheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

Hapo ndipo nikasimama. Naapa nilisimama, na kinywa nilikifungua. Kumbe kila mtu alikuwa anasimama. Hakimu alikuwa anatoka. Tukasimama wote kwa heshima, kisha wote tukavaa makoti.

Mambo yote yale yamechukua muda wa kuchemsha yai.

Alhamisi, 15 Novemba
Nimekwenda kwake asubuhi, nikasema nikiwa bado mlangoni, nisije nikapewa supu.

"Kisahani nilikisogeza mimi. Mei. Kwa trekta. Sikujua ni kiasi gani, lakini nilijua nimekirudisha kwa macho. Wewe hukukosea kitu."

Leon alikuwa anapiga buti mafuta. Aliendelea kupiga. Nilimsubiri anipige mimi.

"Hatua nne," akasema.

"Hatua nne."

"Nilidhani ni macho yangu. Nilipofika siku ile niliona kama ule mwamba mweupe wa karibu na kona umesogea kidogo. Nikajiambia, Leon, umezeeka." Akageuza buti. "Na nilipokuuliza kama mashine inadanganya?"

"Mashine haikudanganya."

"Hapana. Mashine haikudanganya."

Nikamwambia nitakwenda kwa mwendesha mashtaka, nitakula kiapo, nitasema yote. Akasema, "Nenda. Kaseme kwa mwenye kusikiliza." Akachukua buti la pili. Hakuniambia niketi wala niondoke, basi nikaondoka.

Ijumaa, 16 Novemba
Mwendesha mashtaka wa kaunti ni Bi. Tolliver, tunasali kanisa moja. Kanisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi. Hakuandika.

"Una ushahidi wa maandishi?"

"Nilikuwa nao. Ukurasa wa daftari."

"Uko wapi?"

"Niliuchoma."

"Uliuchoma."

"Kwenye jiko la kuni."

"Na mahali kisahani kilipokuwa?"

"Nilipasawazisha."

Nikamwonyesha niliyoyaandika humu Oktoba, akasema hayo mtu angeweza kuyaandika jana. Akaweka kalamu chini. "Dell, kaunti nzima inajua wewe na Leon mlikua pamoja. Ni jambo zuri unalofanya. Kama ni uongo, ni uongo mzuri kuliko mwingi ninaoletewa. Lakini siwezi kuufanyia kazi."

"Si uongo!"

"Leon kakiri mwenyewe, kwa kinywa chake. Hakimu kafunga kesi. Nami sitakushitaki kwa kosa la serikali la kusogeza alama ambayo mpima anasema ilisukumwa na baridi. Nenda nyumbani."

Nimemwomba karatasi, nimeandika maelezo yangu, nimetia saini. Kayaweka kwenye droo. Ndani ya ile droo kulikuwa na plasta na pakiti ya biskuti.

Nje nimekutana na Rita Archuleta anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nimemwambia na yeye. Kaacha kukwangua.

"Nakuamini," kasema. "Unaona inavyosaidia?"

Jumatatu, 19 Novemba
Nimemwambia Haddow. Nilikwenda na funguo za nyumba mfukoni, nimeshazitoa kwenye pete. Noreen alishaanza kufunga vyombo kwenye magazeti.

Haddow kanisikiliza kasimama dirishani. Kisha kacheka, kanipiga bega lile lile.

"Unajua nini, Dell? Laiti ningekuwa na rafiki mmoja kama wewe. Nani mwingine angejitia kitanzi hivi?"

"Ni kweli, bosi. Ilikuwa Mei. Ulikuwa unatua saa tisa."

"Hata kama ni kweli. Kaunti haiitaki, hakimu haitaki, na mimi siihitaji. Rudi kazini." Nilipofika mlangoni akaniita. "Na kona ya kumi na nne kafunge mnyororo, kutoka nguzo hadi nguzo, urefu wa kiuno. Kabla ya Jumapili."

Noreen kafungua magazeti, karudisha vikombe kabatini. Sikujua kwamba mtu anaweza kunyimwa hata kufukuzwa.

Alhamisi, 22 Novemba
Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga, pai ya maboga. Noreen kapeleka sahani kwa Leon. Karudi na sahani imeoshwa.

Ijumaa, 23 Novemba
Nimefunga mnyororo kona ya kumi na nne. Ni ule ule wa trekta, sikuwa na mwingine wa kutosha.

Jumapili, 25 Novemba
Siku ya mwisho ya msimu. Anga safi, baridi ya kupasua mdomo. Haddow kaniagiza nikae konani mchana kutwa, basi nimekaa, ndani ya pikapu, hita imewashwa. Elki walikuwa mlimani upande wa pili, mia na zaidi, weupe kwa umande ulioganda mgongoni. Hakuna mwindaji.

Saa saba Leon kaja kwa miguu kutoka barabarani. Hana bunduki. Ana fimbo tu na ile darubini ya baba yake shingoni. Nikashuka.

"Nimekuja kuwatazama," akasema. "Kutazama hawajanikataza, au?"

"Hawajakukataza."

"Na ile ni ya watu wote bado?"

"Bado."

Akautazama mnyororo. Akaujua. Akakitazama kisahani kwenye zege lake jipya, kisha akatazama kulia, hatua nne, pale ambapo hapaonekani kitu. Alipatazama hasa. Mimi ndiye niliyeshindwa kupatazama.

"Sasa kipo mahali pake," akasema.

"Kipo."

Akavua kofia, akaishika kifuani. Akajaribu kuinua mguu. Mnyororo upo kiunoni, goti halifiki hata nusu. Akajaribu kwa mkono, kama anavyofanya, mguu ukagonga chuma ukarudi chini. Mara mbili. Alikuwa anahema.

Nikaenda nikaushika mnyororo kwa mikono yote miwili, nikaulalia kwa uzito wangu wote mpaka ukafika karibu na theluji. Bila glavu, nilikuwa nimeziacha garini. Chuma kilinishika ngozi.

Akaweka mkono begani mwangu, akavuka. Sidhani kama alitaka kuniwekea mkono, hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Akavaa kofia.

"Leon," nikasema. "Nije nawe? Nikubebee hata hiyo darubini."

Hakugeuka mara moja. Alikuwa anawatazama elki.

"Hapana, Dell. Wewe kaa upande wako."

Akaenda zake, anachechemea, mpaka akawa mdogo kwenye weupe ule. Nilikumbuka kwamba atarudi, na akirudi atahitaji mtu wa kuulalia mnyororo. Basi sikuingia garini tena. Nimebaki pale, nimevua kofia.